Astra ya kijani na Feather: wembe upi? Tuiulize shabu

Assalaam aleikum jamaa zangu, karibuni tena. Leo nyembe. Sizungumzii mashine za umeme, wala vile vichwa vya plastiki vyenye nyembe tano tano. Nazungumzia wembe wa pande mbili, unaofungwa kwenye karatasi na kutiwa ndani ya mashine ya chuma. Na leo nimekuja nimeudhika, kwa sababu kila nikifungua maoni yenu swali ni lile lile: "Wembe gani mkali kuliko wote?" Hilo silo la kuanzia! Kaeni hapa hapa msiondoke, nitakuonesheni kwa mashavu yangu mwenyewe na kwa shabu, lile jiwe jeupe linalochoma palipokwaruzwa ngozi.

Saizi sizielezi, nyembe zote hizi kipimo chake kimoja, wa Japani unaingia kwenye mashine ya Ujerumani bila ya tabu. Nitasema hili tu: kampuni ya Gillette ilipoanza kuuza mashine hizi Marekani mwaka 1903, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 mwaka mzima. Mzima! Leo ukenda Darajani, sokoni kwetu Unguja, duka moja tu lina nyembe zaidi ya hizo. Haya, tuendelee.

Mezani ninazo mbili. Huku Feather, ya Japani, inatoka mji wa Seki, mji wa mafundi wa panga tangu zamani. Huku Astra Superior Platinum, hii ya paketi ya kijani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitengenezwa St Petersburg, Urusi. Paketi ina nyembe tano, kasha kubwa lina paketi 20, yaani nyembe 100. Mtu mmoja kasha hilo halimalizi leo wala kesho.

Sogezeni macho hapa. Wembe unashikwa kwenye hizi ncha fupi, hapa na hapa, vidole haviendi kwenye makali hata kidogo. Unaona hivi vidoa vyeupe? Nta hiyo, wanaitia ili wembe usichezecheze ndani ya karatasi. Mimi siipendi nta ya Astra, inaganda kwenye mashine. Lakini haifiki kwenye makali, basi tunasamehe. Sasa naufunga. Uangalieni wembe unavyopinda kufuata kichwa cha mashine. Huko kupinda ndiko kunakoukaza, usitetemeke. Mashine ikiwa haiubani vizuri, wembe wowote utakukwangua, hata ungeununua kwa dhahabu.

Ndevu nimeshaziroweka kwa maji ya moto, povu limeshakaa. Shavu la kushoto nalipa Astra, la kulia Feather. Natangulia kulaza kichwa cha mashine bapa kwenye ngozi, kisha nashusha mpini pole pole mpaka nasikia wembe unashika. Basi, hapo hapo. Sikandamizi. Uzito wa mashine unatosha. Sikilizeni... krr, krr. Mmesikia? Hiyo Astra. Napita kifupi kifupi, nafuata ndevu zinakolala. Sasa nabadilisha wembe. Feather... sikilizeni. Karibu haina sauti. Inapita kama hakuna ndevu. Wallahi huu wembe ni mzuri, nisiufiche uzuri wake, hapa shavuni sina la kuulaumu.

Njooni shingoni sasa. Hapa ndipo penye kesi. Ndevu za shingo hazioti upande mmoja, pitisheni kidole mtazame: hapa zinashuka, hapa kwenye koo zinakwenda pembeni, hapa chini ya taya zinapanda. Na ndevu zetu wengi ni za kujipinda. Ukizikata chini mno, unywele unarudi ndani ya ngozi, unatoka uvimbe, unatoka usaha, ndiyo vile vipele tunavyovaa kola kuvifunika. Vile vichwa vya nyembe tano ndiyo ugonjwa wao huo: wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata ukiwa umevutwa, unabakia chini ya ngozi. Wembe mmoja unaukata juu juu. Lakini hata huu mmoja, ukiwa mkali sana na wewe ukapita kinyume na ndevu mara mbili tatu, unafika pale pale.

Nimeshamaliza, nimeosha kwa maji baridi. Sasa hiki ndicho nilichokuitieni. Shabu! Mawe haya meupe wazee wanayajua, wauza dawa na viungo wanayo, bei yake ndogo kabisa. Nalirowesha, napitisha. Shavu la kushoto, hakuna kitu, ubaridi tu. Shavu la kulia... ubaridi, kidogo sana inachoma hapa karibu na mdomo. Shingo kushoto, upande wa Astra: inachoma hapa tu, kwenye koo, na ndipo nilipopita mara mbili. Shingo kulia, upande wa Feather... aaa! Hapa, hapa na hapa. Tazameni macho yangu, sichezi. Damu hamuioni, ngozi inang'aa, kwenye kioo pande zote mbili ni sawa sawa. Lakini shabu imeingia kila mahali ambapo wembe umechukua ngozi pamoja na ndevu. Mkono umeshaniambia laini, shabu ikaniambia gharama ya ulaini huo.

Ndiyo nasema, wembe usiuchague kwa makali. Uchague kwa hali ya ngozi yako dakika mbili baada ya kunyoa, na tena siku ya pili yake. Jaribuni wembe mmoja kwa wakati, sabuni ile ile, mashine ile ile. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua nani kakuponya na nani kakuumiza. Na usinunue kasha la 100 kabla hujajaribu paketi moja.

Kuna wanaouliza Derby ya Uturuki. Ni laini, ngozi nyepesi inaipenda, lakini kwa ndevu ngumu inavuta, machozi yanakutoka. Lord ya Misri ipo katikati. Topaz ya India ipo kila duka, na kwa vinyozi wanaovunja wembe nusu ni kazi tosha. Mnisikilize hapa vinyozi: nusu hiyo ni ya mteja mmoja, akija mwengine fungua mpya mbele ya macho yake. Homa ya ini haina mzaha. Na wewe mteja usione haya kumwambia.

Jengine la kwetu visiwani: kutu. Hewa hii ya chumvi haichezewi. Someni karatasi, kama haikuandikwa kuwa ni chuma kisichoshika kutu, huo huenda ni wa kaboni, ukiuacha bafuni usiku asubuhi umeshapiga wekundu. Nyembe za kaboni ni kali na kuna wanaozipenda, Treet ya Pakistan wanazo za aina hiyo. Lakini uzikaushe kila ukimaliza, uzichovye kwenye spiriti. Kufuta makali kwa taulo hapana, unayaharibu, kung'uta tu.

Kabla sijasahau, Ijumaa baada ya Isha tutakuwa laivu, umeme ukituruhusu, tutazungumza brashi na sabuni. Wale wa Pemba mliouliza kuhusu maduka ya Chake, mniletee picha za mnavyovipata huko, nitavijaribu kimoja kimoja. Na huyo jirani yetu mwenye chaneli kubwa anayesema Feather ni ya kila mtu, namheshimu sana, lakini ndevu zake zimenyooka. Hilo mbona halisemi?

Feather siitupi. Ukiwa na mashine pole, ile ambayo wembe unachungulia kidogo tu, na ukapita mara moja ukatosheka, Feather itakupa uso wa harusi. Mwenye mashine kali aiache. Nashangaa hata mimi mwenyewe sasa hivi nalipapasa hili shavu la kulia... ni laini, jamaa. Laini! Lakini shingoni haiendi tena. Mashavu Feather siku za Idi, siku nyengine zote Astra, uso mzima.

Nyembe zilizokwisha msizitupe wazi kwenye taka, kuna mtoto na kuna anayezoa. Kopo la maziwa, toboa mfereji mwembamba juu, tia humo mpaka lijae.

Haya, andikeni hapo chini mna mashine gani na ndevu zenu zimenyooka au zimejipinda. Msiniulize tu "wembe gani", bila ya hayo mawili sina jibu la kukupeni.