Usiku wa kwanza wa wifi yangu kwenye mbio za udongo

Bonge la udongo lilitua mapajani mwa mtoto wa kaka yangu katika mzunguko wa tatu wa mchujo wa kwanza wa mbio za magari. Lilikuwa kubwa kama ngumi yake, bado bichi, na upande mmoja lina chapa ya meno ya tairi. Alilitazama, akanitazama, akaniuliza, "Shangazi, hili limetoka kule?" Nikamwambia ndiyo, limetoka kule. Akalifunga kwenye leso akalitia mfukoni. Mama yake, wifi yangu, alikuwa ameziba masikio kwa viganja na kufumba macho.

Tathmini hii naiandika kwa ajili ya hao wawili, maana mimi mwenyewe siwezi kuwa kipimo. Nimezoea mbio za udongo mwaka wa kumi na moja sasa, na mtu aliyezoea kitu husamehe mengi bila kujua kama anasamehe. Uwanja huu mdogo ulitangaza usiku wa wageni: asiyewahi kufika aje ajionee. Jina lake siliweki hapa, kwa sababu nitakayoyalalamikia nimeyaona kwenye viwanja vingi vya aina yake. Nikawachukua, mtoto ana miaka 11, mama yake hajawahi kutazama mbio za gari hata kwenye televisheni. Nilichotaka kujua ni kama mtu asiyejua lolote akiketi pale jukwaani atatamani kurudi.

Mbio zenyewe nazipa nyota zote tano bila kusita. Njia ni yai la udongo wa mfinyanzi lenye mzunguko wa mita kama 600, kona zimeinuliwa upande wa nje, na jukwaa liko karibu kiasi kwamba gari likipita unasikia mtikisiko kwenye ubao uliokalia. Usiku huo kulikuwa na madaraja manne, lakini yaliyomvuta mtoto ni magari ya sprinti. Hayo kwa asiyeyajua ni magari ya kiti kimoja, magurudumu yote yako wazi nje, na kichwani yamebeba bawa bapa la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu linaloyakandamiza chini. Katika daraja la juu kabisa la mchezo huu injini hutoa nguvu za farasi kama 900, na gari pamoja na dereva wake halifiki kilo 700. Uwanja huu haukuleta injini kubwa kiasi hicho, ila tofauti hiyo mgeni haioni.

Gari la sprinti halina stata. Picapu huja nyuma yake, inalisukuma polepole mpaka injini ishike. Ukiwaona wanasukumwa mmoja baada ya mwingine, injini zinakohoa kisha zinawaka, unajua kazi inaanza. Tairi la nyuma la kulia lina mzingo mkubwa kuliko la kushoto, ndiyo maana gari lenyewe linapenda kukata kushoto. Kwenye kona mkia unatoka nje, magurudumu ya mbele yanatazama kulia, na gari linakwenda kushoto. Mara ya kwanza mtoto kuona hivyo alisimama. Alidhani dereva amepotewa na gari. Magari ishirini yalifanya vilevile mbele yake, kona baada ya kona, hakuna aliyeanguka.

Basi na tuje kwenye huduma, na hapa nyota zinapungua.

Tangazo lilisema mbio zinaanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo ilipofika boza la maji lilikuwa bado linazunguka linanyunyiza. Baadaye yakaingia magari, yakawa yanakwenda taratibu, yanapishana huku na huku kama yanayotafuta kitu kilichopotea. Wifi akaniinamia: "Wifi, ndiyo mbio zenyewe hizi?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mimi nilijua kwamba wanashindilia: udongo ukinyunyizwa huwa laini, na matairi ya magari yale yale ndiyo yanaukanyaga mpaka uwe mgumu na wenye mshiko. Bila kazi ile mbio zingekuwa vumbi tupu. Lakini nani angemwambia? Mtangazaji alikuwa na kipaza sauti mkononi kwa dakika 35 nzima. Akasoma majina ya wadhamini, akasoma msimamo wa pointi wa madaraja yote manne, akamtania dereva mmoja juu ya jambo lililotokea wiki iliyopita ambalo sisi hatukulijua. Alikuwa anaongea na watu waliokuwepo wiki iliyopita. Usiku wa wageni, na wageni hawakuambiwa neno.

Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu dawa yake haina gharama. Sentensi tatu zilitosha. "Mnaona maji yale? Tunaulainisha udongo ushike. Magari yanaushindilia. Baada ya muda wa saa mbili utabadilika rangi, na mbio zitabadilika nao." Mtu akishaambiwa hivyo, hata kusubiri kunakuwa na maana. Asipoambiwa anatoa simu.

Na zile bendera. Mchujo wa pili ulisimamishwa mara nne. Bendera ya njano ikapepea, magari yakapunguza mwendo, yakapangwa upya mstari mmoja, ikaja ya kijani, baada ya kona mbili tu gari likageukia nyuma, njano tena. Anayeujua mchezo anajua kwamba kwenye udongo mizunguko ya njano kwa kawaida haihesabiwi, kwa hiyo mbio za mizunguko minane zinaweza kuchukua nusu saa. Wifi alikuwa amehesabu kwa vidole. Alifika kumi na tano akanigeukia kana kwamba nimemdanganya mimi. Si kwamba nataka bendera zipunguzwe. Gari likisimama kwa upande katikati ya njia, wengine wanakuja kwa kasi na taa za jukwaa zinawapiga machoni, lazima wazuiwe, hapo hapana mjadala. Ila ubao wa matokeo ungeandika "mizunguko iliyobaki: 5" badala ya namba za magari peke yake, wifi asingehitaji vidole.

Kuhusu kelele, mtoto nilimletea vikinga masikio vile vikubwa vya kufunika sikio lote, akavivaa tangu mwanzo. Wifi alikataa vya kwake nyumbani, akasema atavumilia. Hakujua. Mlangoni aliyekata tiketi alituona na mtoto, akatuona wageni (tulipewa hata utepe wa rangi mkononi kuonyesha hivyo), asituambie habari ya masikio. Boksi moja la vizibo vya sponji pale mlangoni lingeokoa nusu ya usiku wa wifi yangu. Kiti pia tulijichagulia vibaya kwa kukosa wa kutuelekeza: tulikaa chini, mwanzo wa kona ya kwanza, ambako madongo yanarushiwa na vumbi linaishia. Mgeni akae juu, karibu na kutoka kona ya nne. Kule anaona njia nzima, na anabaki msafi.

Baada ya michujo tulihama kwenda huko juu, na hapo ndipo usiku ulipogeuka.

Nilimwonyesha mtoto rangi ya udongo. Sehemu ya chini, ndani ya kona, ilikuwa imeanza kung'aa nyeusi kama kiatu kilichopigwa rangi. Nikamwambia pale matairi yamesugua mpaka mshiko umekwisha, ni utelezi mtupu. Udongo uliobanduliwa pale umerushwa juu, umejikusanya karibu na ukuta, umefanya tuta. Dereva akiegemeza tairi lake la nyuma la kulia kwenye tuta lile, anapata mshiko ambao wa chini hawana. Akilivuka kwa kiganja kimoja tu, anakutana na ukuta. Nikamwambia na jambo la pili: kwenye viwanja vingi vidogo waliofanya vizuri kwenye mchujo hawaanzi mbele. Nafasi za juu zinageuzwa au zinapangwa kwa kura ya bahati, wenye kasi wanaanza nyuma, ili walazimike kuwapita wenzao. Basi. Sikusema zaidi.

Mbio kuu ilikuwa mizunguko 25. Gari la buluu lilianza nafasi ya tisa. Kwa mizunguko sita hivi lilikaa chini kama wenzake, likapoteza hata nafasi moja. Kisha mtoto akanishika mkono kwa nguvu. "Shangazi, yule wa buluu amepanda juu! Wote wako chini, yeye peke yake yuko juu!" Alimwona kabla yangu. Dereva yule alikuwa amelipata tuta. Kila kona bawa lake lilikuwa shubiri chache kutoka ukutani, tairi la nyuma linarusha udongo juu ya ukuta wenyewe, naye anakula gari moja kila mzunguko. Wa saba, wa sita, wa nne. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti. Wifi, ambaye sasa alikuwa na vikinga vyangu mimi masikioni, naye alikuwa amesimama. Zikiwa zimebaki kona mbili wa buluu akawa wa pili, akajaribu kutoka juu kushuka kumkatia wa kwanza, akakosa kwa urefu wa gari moja. Bendera ya mirabaraba, ile ya kumalizia mbio, ikaangushwa kwa mwingine. Mtoto alilia kidogo.

Hapo ndipo mchezo huu unapopata mtu. Kelele ilikuwepo tangu mwanzo, kasi ilikuwepo tangu mwanzo, na kwa saa mbili havikumfanya lolote zaidi ya kumshangaza. Alipojua cha kutazama, akakiona mwenyewe kwa macho yake, akawa wake.

Baada ya mbio walifungua geti la eneo la mafundi, na hili nalisifu kwa moyo wote. Ni michezo michache mikubwa inayokuruhusu kumsogelea mchezaji namna hii, nguo zake zikiwa bado zina tope. Tulimkuta dereva wa gari la buluu amechuchumaa, anabandua udongo kwenye fremu kwa kibanio cha chuma, vipande vinaanguka kama ganda la mti. Akamwona mtoto ameganda kando. Akachukua helmeti, akamwonyesha kioo chake: juu yake kuna ngozi nyembamba za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila ikichafuka anaichana anaitupa, huku anaendesha kwa mkono mmoja. Ilibaki moja. Akamwambia aichane mwenyewe, aondoke nayo.

Wifi naye alikuwa na mwanamke mmoja aliyeshika utepe wa kupimia, kama wa fundi cherehani. Alikuwa anauzungusha kwenye tairi la kulia, anaandika, kisha la kushoto, anaandika. Akamweleza wifi kwamba tofauti ya namba zile mbili ndiyo inayoligeuza gari, na kwamba hewa ikizidi kidogo tu namba inabadilika. Wifi yangu anashona nguo. Walisimama pale wakizungumzia vipimo mpaka nikawaita.

Kasoro ni moja, ilikuwa saa sita kasorobo usiku. Familia nyingi zilizokuwa na utepe ule wa wageni zilikwisha kuondoka kabla hata ya mbio kuu. Kitu bora kuliko vyote walichonacho wamekiweka mahali ambapo mgeni hafiki. Wangeweza kusogeza magari matano hivi mbele ya jukwaa katikati ya usiku, wakati njia inamwagiwa maji upya, watoto wakashuka kuyagusa. Na madaraja manne kwa usiku wa wageni ni mengi. Mawili yangetosha, watu wakawa barabarani saa nne.

Mtangazaji pia ana hadithi ambazo hazitumii. Kyle Larson, dereva wa Marekani, alitoka kwenye udongo, na mwaka 2021, ule ule aliokuwa bingwa wa NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari kule Marekani, alishinda pia mbio mbili maarufu za udongo: Chili Bowl kule Tulsa na Knoxville Nationals kule Iowa; hizi za Knoxville zimekuwepo tangu 1961. Mtoto akisikia kwamba bingwa wa magari makubwa ya televisheni anarudi kwenye tope la namna hii kwa hiari yake, anawatazama madereva walio mbele yake kwa jicho jingine. Nilimsimulia mimi kwenye gari tukirudi.

Wapo wanaoniambia siku hizi kuna FloRacing na DIRTVision, huduma za kurusha mbio mtandaoni, mtu anatazama mbio za udongo akiwa kitandani, kwa nini ahangaike. Mimi nazitazama pia, nazipenda, na ndizo zilizonifundisha nusu ya ninayoyajua. Ila hakuna skrini itakayokutupia bonge la udongo mapajani, wala kukuwekea ngozi ya helmeti mkononi.

Mbio nyota tano, eneo la mafundi tano, huduma kwa mgeni mbili. Ukienda mara ya kwanza, nenda na mtu anayejua, kaeni juu kona ya nne, beba vikinga masikio vya kila mmoja hata anayekataa, na kama una mtoto mdogo mlaze kidogo mchana. Wifi amekwisha niuliza Jumamosi ijayo tunatoka saa ngapi. Lile bonge limekauka, limepasuka vipande viwili, na mtoto ameviunganisha kwa gundi.