HX Stomp, pawa ndogo na boksi la Keko: kwa nini gitaa langu lililia ndani ya gunia

Usiku wa kwanza nilipoipandisha jukwaani HX Stomp, kidude cha mguu kinachoiga amplifaya za gitaa, kiongozi wetu wa bendi alisubiri wimbo uishe, akaniinamia sikioni. "Mdogo wangu, mbona gitaa linalia kama limefungiwa kwenye gunia la mkaa?"

"Ni ukumbi huu, kaka."

Haukuwa ukumbi. Baa ile nimepiga miaka sita, naijua hadi feni ipi inavuma. Lakini ningesema nini, wakati ndiyo kwanza nimetoka kutumia pesa zote zile?

Mimi ni mpiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Ijumaa na Jumamosi baa, katikati ya wiki harusi zikipatikana. Amplifaya yangu ya zamani, ile ya kubeba watu wawili, ilikufa mwaka jana ikiwa na heshima zake. Shemeji alikuwa anarudi kutoka Muscat, akaniletea HX Stomp ya Line 6 iliyotumika, milioni moja na laki mbili. Kidude chenyewe kilitoka mwaka 2018, kina vibonyezo vitatu vya mguu, kinaingia kwenye mfuko wa gitaa na nafasi inabaki. Ndani yake zimo nakala za kidijitali za amplifaya nyingi, maboksi ya spika, maikrofoni na pedali za kila namna. Kwa kuwa chenyewe hakina nguvu ya kusukuma spika, nikanunua pawa ndogo, yaani kikuza sauti cha kusukuma spika, ya wati 200 kwa omu 4. Boksi la spika nilichongewa na mafundi wa Keko, hapa Dar, kwa plaiwudi ya milimita 18, nikatia Celestion Vintage 30 mbili za inchi 12. Kila spika ni omu 16, zikifungwa sambamba zinasoma omu 8. Kwenye omu 8 pawa ile inatoa kama nusu ya wati zake, na spika zenyewe kila moja inabeba wati 60, kwa hiyo hesabu ilikaa vizuri.

Hesabu ilikaa vizuri, sauti ikakataa.

Kinachouma ni kwamba nyumbani, kwenye hedifoni, kilikuwa asali. Nilichagua nakala wanayoiita Jazz Rivet 120, ambayo ni Roland JC-120, ile amplifaya ya transista iliyotoka mwaka 1975. Anayepiga sebene anajua kwa nini. Solo yetu haitaki kukwaruza. Inataka sauti safi, kila noti isimame peke yake hata ukiwa juu kabisa ya shingo ya gitaa na vidole vinakimbia. Nikaongeza korasi kidogo, ile athari ya kuinenepesha sauti, na dilei fupi ya mwangwi. Mke wangu akaniambia nizime taa nilale.

Jukwaani, gunia la mkaa. Nikapandisha trebo. Nikapandisha tena. Nikabadilisha nyuzi. Nikalisingizia pikapu la gitaa, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, nikaenda kuazima gitaa la jamaa wa bendi jirani, nalo likalia kwenye gunia lilelile. Wiki tatu zimepita hivyo. Kuna dalili moja ambayo ningeijua mapema ningeokoa wiki zote hizo: ukipandisha trebo mpaka mwisho, ukapata mchakacho na masikio yakachoka lakini uwazi hauji, tatizo haliko kwenye trebo. Kuna kitu kimekaa mbele ya sauti.

Aliyekiona ni fundi mitambo wetu, kijana ambaye kazi yake ni kuhakikisha waimbaji wanasikika na hana habari na magitaa. Alichungulia kioo cha HX akauliza, "Bro, hapa imeandikwa Amp+Cab. Hiyo Cab si boksi? Na hili lililoko chini ni nini?"

Nilikaa juu ya boksi langu nikacheka kwa aibu.

Ipo hivi. Spika ya gitaa si spika ya redio. Vintage 30 ikifika kama hezi 5,000 inaanza kuporomoka, na juu ya hapo inabakiza kidogo sana. Huko kuporomoka ndiko kunakolifanya gitaa la umeme lilie kama gitaa badala ya kulia kama nyuki kwenye kopo. Sasa HX inajua kwamba watu wengi wataichomeka kwenye hedifoni au kwenye mikisa, ambako hakuna spika ya gitaa. Kwa hiyo inaiga kuporomoka huko kwa programu, ikiwemo maikrofoni iliyowekwa mbele ya boksi la kubuni. Mimi nikaichukua sauti hiyo iliyokwisha kupita kwenye boksi la kubuni, nikaipitisha kwenye boksi la mbao. Mara mbili. Ni kama kuchuja chai iliyokwisha chujwa, kisha ukashangaa majani yako wapi.

Dawa yake ni nusu dakika: toa bloku (kipande cha mnyororo wa sauti kwenye kioo) ya Amp+Cab, weka ya Amp peke yake. Kama umetumia impalsi risponsi za kununua, yaani mafaili yanayoiga boksi na maikrofoni, nazo zima. Gunia lilichanika palepale. Ila usije ukajaribu mpangilio huo kwenye hedifoni ukaogopa, maana huko utawasikia hao nyuki. Usiudhanie umeharibika. Ipo pia bloku ya Preamp, inayoacha nje ile sehemu ya amplifaya inayosukuma spika, kwa kuwa kazi hiyo sasa ni ya pawa yako. Kwa Jazz Rivet sikusikia tofauti ya kugombania. Kwa nakala za amplifaya za valvu, kama ile US Double, Preamp ilinipa besi iliyokaza zaidi. Jaribu zote mbili kwa masikio yako, hapa hakuna sheria.

Basi nikadhani nimemaliza. Jumamosi iliyofuata sauti ilikuwa wazi lakini imekonda. Trebo ipo, midi, yaani sauti za katikati, ipo, tumbo hakuna. Na jambo la ajabu, nikisogea hatua mbili kulia gitaa linabadilika, nikirudi linabadilika tena.

Hapa alinisaidia mzee wetu wa ridhimu, ambaye kabla ya muziki alikuwa anatengeneza redio. Nilimwendea asubuhi nikiwa na boksi kwenye bajaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo boksi lina ugomvi wa ndani. Leta betri ya pedali."

Betri ya volti 9. Alifungua mgongo wa boksi, akachomoa waya, akagusisha betri kwenye spika ya kwanza, chanya kwa chanya, mguso wa haraka tu kama anayeonja chumvi. Koni ikaruka mbele. Akarudisha waya, akagusisha kwenye tundu la boksi ili spika zote mbili zipate kwa pamoja. Moja ikaruka mbele, ya pili ikarudi nyuma. Aliyenifungia waya alikuwa amegeuza chanya na hasi kwenye spika moja. Spika moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na noti za chini, ambazo mawimbi yake ni marefu, zinafutana kabla hazijakufikia. Za juu zinapona kwa kiasi, ndiyo maana sauti inakonda na kuhamahama kadiri unavyotembea. Kisolda, dakika tano, na mzee hakutaka hata soda. Ukichongesha boksi lako mwenyewe, fanya kipimo hiki siku hiyohiyo, kabla hujamlipa mtu salio.

Akiwa bado amechuchumaa aliuona na waya wangu wa kutoka kwenye pawa kwenda kwenye boksi. Ulikuwa waya wa gitaa. Nje unafanana na mwingine wowote, jeki ni ileile, lakini ndani una uzi mmoja mwembamba uliozungushiwa wavu, umetengenezwa kubeba umeme mdogo wa pikapu. Umeme wa spika unataka nyuzi mbili nene. Kwa waya ule unapoteza nguvu njiani, unaupasha moto, na pawa nyingine hazivumilii. Sikusikia muujiza nilipoubadilisha, nasema ukweli. Lakini sasa nalala usingizi.

Madogo mengine nitayapitia haraka. Nilikuwa nimechomeka tundu la kulia la HX, wakati anayetumia waya mmoja anatakiwa kutumia la kushoto, lililoandikwa L/Mono, ndipo pande zote mbili zijumlishwe. Kwa hiyo nusu ya dilei yangu ilikuwa inaishia hewani. Kwenye mipangilio ya jumla kuna chaguo la kiwango cha kutolea sauti, Instrument au Line. Kwa pawa tumia Line. Kwa tundu la mbele la amplifaya ya kawaida tumia Instrument, ingawa hapo ningekushauri ulikimbie kabisa tundu la mbele na uingie nyuma, palipoandikwa RETURN, usije ukawa na amplifaya mbili zinazogombea kuipika sauti moja.

Kuna kosa moja ambalo si la waya wala la menyu, na nadhani ndilo linalotupata wengi wetu tunaotengeneza sauti usiku watoto wamelala. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell huko Marekani, walichora mikondo inayoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, besi na noti za juu kabisa zinatukimbia, midi inabaki. Ikipanda, besi na trebo zinarudi. Sasa wewe umekaa na hedifoni, sauti ya chini, unaongeza besi mpaka moyo unaridhika, unaongeza na trebo. Ukifika baa ukaifungulia, besi inavimba na trebo inachoma, halafu ile midi ambayo ndiyo inayolipitisha gitaa katikati ya tarumbeta na tumba, hakuna. Niliacha kutengeneza sauti nyumbani. Nawahi ukumbini saa moja kabla ya wenzangu, nafungua pawa hadi kiwango cha kazi, ndipo nagusa besi na trebo. Mwenye baa amenizoea.

Na boksi usiliache sakafuni. Sakafu inalikuza besi, pembe ya ukuta inalikuza zaidi, na zile noti za juu zinatoka kwenye koni kama mwanga wa tochi, zinaenda moja kwa moja kwenye magoti yako. Wewe husikii kitu, unapandisha trebo, mteja wa meza ya mbele anaziba masikio. Nililiweka juu ya kreti mbili za bia na kuliinamisha kidogo nyuma. Kati ya marekebisho yote haya, hili nalo ni la bure, na ni la pili kwa faida baada ya kuzima boksi la kubuni.

Swali lililobaki lilikuwa la fundi mitambo. Yeye anataka gitaa kwenye mikisa, na mikisa haina spika ya gitaa, kwa hiyo kule boksi la kubuni linahitajika. Jukwaani halihitajiki. Tufanyeje? Hapa ndipo HX ilipolipa gharama yake. Baada ya Amp, korasi na dilei, naweka bloku ya Send, inayotoa sauti kwenye tundu lake, waya unakwenda kwenye pawa. Sauti yenyewe inaendelea mbele hadi kwenye bloku ya Cab, inatoka tundu kuu kwenda kwenye mikisa. Mimi nina boksi langu la mbao, wateja wana boksi lao la kubuni, hakuna anayemwonea mwenzake. Kumbuka tu kuzipanga korasi na dilei kabla ya Send, vinginevyo jukwaani utalisikia gitaa kavu. Na bloku zina kikomo: zilikuwa sita, sasa ni nane kwa programu mpya, kwa hiyo ukikuta ya sita, isasishe kwanza.

Sasa uamuzi wangu. HX Stomp yenyewe haikuwa na kosa hata moja kati ya haya yote, na nimeitukana bure kwa wiki tatu. Vibonyezo vitatu ni vichache kwa mpigaji anayehama kutoka rumba kwenda zouk hadi taarabu kwenye harusi moja, na adapta yake inataka ampia 3 kwa volti 9, kwa hiyo adapta ya kawaida ya pedali haitaitosha. Nenda na yake, na uwe na ya akiba. Umeme ukikatika, huwa inachukua muda kuamka, wakati amplifaya ya zamani ilikuwa inawaka na kuanza kuongea. Jifunze kumpa ishara mpiga besi aendelee peke yake.

Kama bendi yako ina mikisa nzuri na monita za kutosha, zile spika zinazowaelekea wapigaji jukwaani, usinunue pawa wala boksi. Chomeka HX kwenye mikisa, acha Amp+Cab ilivyo, pesa ile nyingine kalipe ada. Mimi boksi nimebaki nalo kwa sababu moja tu: nikipiga noti ndefu nataka suruali itikisike nyuma. Monita hainipi hicho.

Kreti za bia nimezirudisha, mwenye baa alianza kuulizia amana yake. Keko wananichongea stendi, waliniahidi Alhamisi, na hii ni Alhamisi ya pili.