Bunnings na soseji ya wikendi: twisheni ya Kiaustralia kwa dola tatu na nusu

Wadau mliotua Australia juzi juzi, kabla hujaanza kupakua programu za kujifunza misemo ya huku we nenda Bunnings jumamosi asubuhi, nasema kweli kabisa. Bunnings ni hadiwea, lile godauni la kijani lenye alama ya nyundo, na usidhani ni la mafundi peke yao maana utakuta bibi kaja kununua ua, baba na watoto, jamaa na mbwa wake kwenye toroli, yani nusu ya mtaa iko pale. Kampuni yenyewe ni ya zamani, ndugu wawili waliianzisha kule Western Australia mwaka 1886, ila haya magodauni makubwa yalianza 1994 pale Sunshine, Melbourne.

Nianze na soseji maana ndo iliyonipeleka. Pale mlangoni kuna hema, jiko la gesi la bapa, na watu wa kujitolea, leo skauti, kesho shule fulani, keshokutwa timu ya mpira ya watoto, wanachoma na hela inaenda kwao. Unapewa slesi moja ya mkate mweupe, kitunguu cha kukaanga, soseji, na tomato sosi au haradali ujimiminie, basi, hamna sahani hamna kachumbari. Bei 3.50, zamani ilikuwa 2.50 wakapandisha 2022 na nchi nzima ikalalamika! Na usishangae kitunguu kuwekwa chini ya soseji, 2018 Bunnings walishauri hivyo ili kisidondoke watu wakateleza, ikawa habari ya taifa mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule Scott Morrison akaulizwa maoni yake. Hapo ndo nilianza kuwaelewa hawa watu.

Ladha? Ya kawaida tu, pilipili sahau, mi huwa nabeba yangu mfukoni na sioni aibu. Waislamu ulizeni kwanza kama ni halali, mara nyingi siyo, ila wakichoma watu wa msikiti siku yao inakuwa halali na foleni inakuwa ndefu kwelikweli.

Sasa twisheni yenyewe iko kwenye hiyo foleni. Kiingereza chetu cha shule kinakufikisha uhamiaji na benki, hapa kinakwama, maana mtu anakwambia "how ya going mate" na anaendelea kutembea, hasubiri umweleze habari za nyumbani, ni kama mambo - poa, unajibu "good thanks" mnaachana. Soseji ni "snag", mchana ni "arvo", fundi ni "tradie" na pikapu yake ni "ute", utawaona wamevaa reflekta saa kumi na mbili asubuhi wanapakia mbao. Ukisikia "yeah nah" jua umekataliwa, "nah yeah" umekubaliwa, we shika neno la mwisho tu. Na mtu akikusifia kazi yako kuwa "not bad" furahi, hapo amekupa maksi za juu, usinune kama nilivyoona jamaa yangu mmoja alivyonuna wiki nzima kazini.

Kitu kilichonichukua muda zaidi ni kumwita mzee wa mvi "mate". Ndani wahudumu wamevaa aproni nyekundu na majina yao wameyaandika kwa mkono, wengi wao watu wazima waliowahi kuwa mafundi, na kwetu mtu wa umri ule ni shikamoo kwanza ndo uulize bei ya misumari. Huku hamna shikamoo, unamwita jina lake la kwanza hivo hivo na yeye ndo anaona umemheshimu. Mdomo wangu bado unagoma ila faida yake ni kwamba ukimuuliza kitu anakupeleka mpaka kwenye safu husika na anakufundisha kutumia, bila haraka. Mi sikujua hata kubadilisha raba ya bomba, sasa najua, na yeye njia nzima ananiambia "she'll be right", kwamba itakaa tu sawa, we usijali.

Vya kununua kwa mgeni: kama umepanga nyumba usikimbilie misumari, kutoboa ukuta kwa kawaida lazima umwombe mwenye nyumba, chukua zile ndoano za kubandika ukutani zinazotoka bila kubandua rangi. Kwenye bustani kuna miche ya sukuma wiki, wao wanaiita kale, pamoja na mboji ya mifuko, balkoni tu inatosha kuanzia. Bei nzuri, na ukikuta kitu kile kile duka lingine kwa bei ya chini wanaahidi kukuuzia chini ya bei hiyo kwa asilimia 10.

Nyota 5 kwa duka, 3 kwa soseji yenyewe, 5 kwa foleni ya soseji. Kama wikendi yako imebana subirini siku ya uchaguzi, huwa jumamosi, mashule mengi yanayotumika kama vituo vya kupigia kura yanachoma soseji hizo hizo na raia asipopiga kura ya shirikisho bila sababu anapigwa faini ya dola 20, kwa hiyo foleni ipo. Nendeni na sarafu, siyo kila hema lina mashine ya kadi.