Uzoefu wangu: kampuni iliyotupangia safari ya Kondoa, Eyasi, Serengeti na Ngorongoro

Nimeona niandike mapema kabla sijasahau, maana watu wengi wanaotafuta kampuni ya kuwapangia wageni wao safari wanaulizia bei tu, na mimi naona bei inakuja baadaye. Cha kwanza muulize anayekupangia: njiani tutasimama wapi, kwa nani, na huyo mtu anajua kwamba tunakuja? Waliotupangia sisi ni kampuni ndogo ya Arusha, jina nimeliacha makusudi kwa sababu kuna sehemu walituangusha na nitaieleza, ila kwa ujumla nawapa nyota nne na ningewatumia tena.

Tulikuwa mchanganyiko: mdogo wangu anayeishi Ujerumani, shemeji, wazazi wa shemeji ambao ni wastaafu, halafu mimi na mume wangu tunaokaa Dodoma. Ilikuwa mwezi wa tisa. Kampuni nyingine nilizozitumia meseji watsapu zilinirudishia ratiba ile ile utadhani wamekopishana, Tarangire, Manyara, Serengeti, Ngorongoro, kila siku hifadhi, kila siku kuamka saa kumi na moja alfajiri, na zote zinaanzia Arusha. Huyu dada wa hii kampuni kabla hajataja hata shilingi aliuliza maswali weee: wazee magoti yao yakoje, nani mgongo unamsumbua, wamekuja kuona wanyama tu au wanapenda pia kukaa na watu, baba wa shemeji alikuwa anafanya kazi gani kabla hajastaafu. Hilo la mwisho nilishangaa analitakia nini, nikamjibu alikuwa fundi wa karakana, anachonga vyuma. Akasema sawa. Halafu akaniambia kama mpo Dodoma kwanini mje mpaka Arusha ndio muanze, gari itawafuata huko huko, muanzie Kondoa.

Jamani Kondoa! Ile barabara ya Dodoma kwenda Babati sasa ni lami tupu na watu wanaipita mbio tu kuwahi Arusha, kumbe pale Kolo ndio kuna michoro ya mapangoni ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Unasimama ofisi ya mambo ya kale, unalipia, unapewa muongozaji, mnaingia njia ya vumbi kisha mnapanda kilima kwa miguu, na kwa sababu dada alishauliza habari za magoti, muongozaji alikuwa anatusubiri na fimbo za kutembelea. Mwendo ulikuwa wa taratibu, hakuna aliyeharakishwa. Kule juu mwanzoni huoni kitu, unaona jiwe tu, mpaka yule kaka akamshika mama wa shemeji mkono akamsogeza pembeni kidogo mwanga uingie vizuri, ndipo yakatokea maumbo ya watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, rangi ya damu ya mzee, na wanyama pembeni yao. Akatuambia kuna mapango ambayo wenyeji mpaka leo wanafanyia matambiko, kwa hiyo si kila sehemu mnaingia mnavyotaka. Tulikaa pale muda mrefu na hakuna aliyetuambia muda umeisha, maana ratiba yenyewe siku hiyo haikuwa na kitu kingine zaidi ya kwenda kulala Babati.

Tarangire sitaiongelea sana, mwezi wa tisa ni kiangazi, maji yamebaki mtoni, tembo wanajaa pale makundi kwa makundi na mibuyu ile mikubwa, kila mtu aliridhika. Ila nawasifu kwa jambo dogo, siku kadhaa kabla dada alituma meseji kwamba tusivae bluu wala nyeusi kwa sababu ya mbung'o, rangi hizo zinawavuta. Kuna gari tulipishana nayo wageni wamevaa jinsi za bluu na walikuwa wanajipigapiga miguu muda wote, nikawaonea huruma. Mto wa Mbu tulipita tukatembea kwenye mashamba ya mpunga na migomba, tukaona Wamakonde wanavyochonga, mchana tukala kwa mama mmoja nyumbani kwake. Chakula kizuri, kingi, cha moto.

Sasa Ziwa Eyasi. Tulilala Karatu, alfajiri na mapema tukashuka Mang'ola kule kunakolimwa vitunguu, barabara ni mawe na vumbi, mjipange kwa hilo. Pale akapanda muongozaji wa kijijini, kijana anayeongea na Wahadzabe kwa lugha yao, na kabla hatujafika akatuweka sawa: hawa watu wanawinda kwa sababu ndiyo riziki yao, mnaweza mkazunguka mkarudi mikono mitupu na hakuna wa kumdai mwenzake, msigawe hela mkononi, msigawe pombe wala pipi kwa watoto, malipo yameshapita kwenye utaratibu wa kijiji, mkipenda mshale au shanga nunueni kwa aliyetengeneza. Nilimpenda sana kwa hilo, maana hela za ovyo ovyo zinazoishia kwenye pombe zimewaumiza wale watu na kila anayepeleka mgeni kule anapaswa kulijua hilo.

Mume wangu na shemeji wakaondoka na wawindaji, na wale jamaa hawatembei, wanakimbia. Wazee na sisi wengine tulikuwa tumepangiwa kubaki na akina mama, na ndio ikawa saa nzuri kuliko zote za safari yangu. Tulienda nao kuchimba mizizi, wana fimbo zilizochongwa ncha, bibi mmoja anagonga ardhi anasikiliza, anachimba, anavuta mzizi mrefu, anauchoma pale pale kwenye moto. Unautafuna, una utamu kwa mbali na maji mengi, unatema makapi. Mama wa shemeji akakaa chini kwenye mchanga na yule bibi, hakuna anayejua lugha ya mwenzie, wanatafuna na kutema wanaonyeshana mikono yao, mikucha yao, mikunjo yao. Hakuna aliyewapiga picha kwa dakika kadhaa, na muongozaji alikuwa na akili ya kunyamaza. Wawindaji walirudi na ndege wawili wadogo.

Kutoka pale tukaenda kwa Wadatoga, majirani zao wafugaji, kwa mhunzi, na hapo ndipo nilipoelewa lile swali la kazi ya baba wa shemeji. Mhunzi amekaa chini, kijana wake anapuliza moto kwa mivuo ya ngozi, mmoja mkono huu mwingine mkono ule bila kupumzika, wanayeyusha makufuli mabovu na koki za bomba, wanamimina kwenye kifereji, ikipoa kidogo inapigwa inakuwa bangili. Misumari wanaipiga inakuwa vichwa vya mishale, na ile mishale tuliyoiona asubuhi inatoka hapo hapo, Wahadzabe wanaleta asali wanabadilishana. Yule mzee wa Kijerumani akavua koti, mhunzi akamsoma mkono anavyoshika nyundo, akampisha, wakapiga pamoja bangili moja mpaka ikaisha. Mzee haivui mpaka leo, mdogo wangu ananiambia. Sasa huwezi kuniambia hiyo ilitokea tu, kuna mtu aliuliza swali na kuna mtu alipigiwa simu siku kadhaa kabla akaambiwa anakuja fundi mwenzako.

Utaalamu mwingine ulikuwa kwenye hesabu za vibali, na hapa nieleze vizuri kwa sababu kampuni nyingi hazikuelezi. Kibali cha hifadhi ni cha saa 24, na kwenda Serengeti ukitokea Karatu lazima ukatize Ngorongoro, kwa hiyo Ngorongoro unailipia ukienda na unailipia tena ukirudi. Ukilala Karatu ukashuka kreta, lile bonde la volkano la Ngorongoro, ukarudi Karatu, kesho yake ndio uende Serengeti, utajikuta umelipia Ngorongoro mara tatu. Dada alipanga kreta iwe wakati wa kurudi, tulale ukingoni, asubuhi tushuke, tutoke kabla saa hazijaisha, ikawa mara mbili tu. Geti la Naabi la kuingilia Serengeti nalo tuliingia mchana makusudi, ili siku ya kutoka tupate asubuhi nzima ya kuzunguka Seronera, katikati ya Serengeti, bila kukimbizana na saa. Ukiwa na wageni wanaolipa kwa dola, hela inayookolewa hapo si ndogo. Na muulize mapema kama bei yako ina ile ada ya gari kushuka kreta, kwa sisi ilikuwa dola 250 bado VAT, wapo wanaoiacha nje ya bei ya kwanza ili waonekane rahisi.

Walipotuangusha ni kwenye boma la Wamasai njia ya kwenda Serengeti. Ratiba iliandika boma fulani, ziara imeshapangwa na imeshalipiwa. Dereva akasimama boma jingine lililo karibu na barabara, akasema yote ni sawa tu. Si sawa! Pale hatukutegemewa, tukadaiwa malipo upya, wazee wakazungushwa haraka haraka kwenye meza za shanga, dakika chache tukawa tumemaliza na mama wa shemeji akaniuliza kama amekosea kitu. Iliniuma. Mtandao uliporudi nikamtumia dada voisi ndefu na sikumung'unya maneno. Alipiga simu jioni ile ile, hakumtetea dereva, hela iliyolipwa mara ya pili akairudisha kwenye simu yangu, na wakati wa kurudi tukapelekwa boma lenyewe. Mzee wa boma akatuambia siku ile walikuwa wamechinja mbuzi na walitungoja mpaka jioni. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya huyo mzee na watu wake, sisi tulirudishiwa hela, wao mbuzi wao alishachinjwa. Kama una kampuni ya utalii unasoma hapa, tafadhali madereva wenu waelewe kwamba kituo cha njiani ni miadi na binadamu.

Serengeti dada alisema ukweli kabla hatujalipa, kwamba mwezi wa tisa nyumbu wengi wako kaskazini huko Mto Mara, Seronera tusitegemee makundi, na kuongeza Kogatende, huko huko kaskazini, ni siku nyingine za barabara mbovu ambazo mgongo wa mzee usingezipenda. Tukabaki Seronera, simba na chui tuliwaona vizuri. Oldupai tulisimama pia, palepale ambapo Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959, kuna makumbusho nzuri na maelezo yanatolewa mkiwa mmekaa mnaliangalia korongo lenyewe. Fuvu halisi liko Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, mkiwa na wageni wanaopitia Dar wapelekeni. Ukingoni mwa kreta ni baridi, ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, bebeni masweta ya kweli. Na chakula cha mchana pale Ngoitokitok, kituo cha kupumzika ndani ya kreta, kuleni ndani ya gari, mwewe wa pale wanapora chakula mkononi. Lanchi boksi zenyewe zilikuwa za kawaida tu, kuku mkavu, waboreshe.

Malipo walitugawia invoisi mbili, wageni kwa dola, sisi wazawa kwa shilingi kwa viingilio vya mzawa, mbebe vitambulisho vya NIDA maana getini vinaangaliwa. Risiti za kontrol namba walitutumia zote bila kuombwa.

Kwa mnaofikiria mwezi wa pili, nyumbu wanakuwa wanazaa huko Ndutu, na sehemu kubwa ya Ndutu iko ndani ya Ngorongoro, si Serengeti, kwa hiyo hesabu yote ya vibali niliyoieleza inabadilika. Mwambie anayekupangia akupigie hesabu upya kabla hujatoa advansi, na vituo vya Eyasi na Kondoa avipigie simu kwanza kwa sababu kipindi hicho mvua zinaweza zikaharibu njia ya Mang'ola.