Mazungumzo ya Sauti Kuhusu Narendra Modi Yanayouzwa Tabora: Nunua, Ila Sehemu ya Tatu Ina Upungufu Mkubwa

Maduka madogo ya mjini Tabora yanayoingiza nyimbo, mawaidha na filamu kwenye simu za wateja si mahali ambapo mtu hutarajia kukuta historia ya siasa za nje, na ndiyo maana mfululizo huu unastahili kuzungumziwa. Ni mazungumzo ya sauti ya sehemu nane, yote kwa Kiswahili, yanayoeleza safari ya kisiasa ya Narendra Modi, aliyeapishwa kuwa Waziri Mkuu wa India mwezi Mei 2014. Yanapatikana katika duka moja jirani na soko kuu kwa shilingi 6,000 pamoja na memori kadi, au shilingi 3,000 kwa mwenye kadi yake. Kwa bei hiyo mnunuzi anapata zaidi ya saa tano za maelezo yaliyoandaliwa kwa bidii. Hata hivyo kuna jambo moja zito ambalo mtayarishaji amelipita mbio, na sioni namna ya kuusifu mfululizo huu bila kulisema.

Msomaji ana sauti tulivu, hakimbilii maneno, na majina ya Kihindi anayatamka kwa uangalifu unaoonyesha kwamba alijiandaa. Sehemu ya tano ina mwangwi kidogo, lakini husikika vizuri kwa spika ndogo ya kawaida.

Sehemu mbili za mwanzo zimenivutia kwa ufundi wake. Modi alizaliwa mwaka 1950 katika mji mdogo wa Vadnagar, jimbo la Gujarat, na yeye mwenyewe amekuwa akieleza mara nyingi kwamba utotoni alimsaidia baba yake kuuza chai kwenye stesheni ya reli. Msikilizaji wa Tabora, mji uliokuzwa na reli na ambao treni za Kigoma na Mwanza huachania hapa, hahitaji kuelezwa maisha hayo yana uzito gani, na msomaji amefanya vema kutoyarefusha. Badala yake ametumia muda kueleza RSS, jumuiya ya kizalendo ya Kihindu iliyoanzishwa Nagpur mwaka 1925, ambamo Modi alilelewa kisiasa, akawa mtumishi wake wa kudumu asiye na familia ya kumshughulisha, kisha akapelekwa katika BJP, chama cha siasa chenye mizizi katika RSS, katika miaka ya 1980. Hapa ndipo mtu anaelewa kwamba kiongozi huyu hakuibuka ghafla jukwaani kwa sababu ya ufasaha wake tu. Nyuma yake kulikuwa na miongo ya kazi ya matawi, mikutano ya mitaa na misafara ya hamasa, kazi ambayo wengi wetu huisahau tunapoyajadili matokeo ya uchaguzi. Ni maelezo bora ya uendeshaji wa chama kuliko mengi niliyowahi kuyasikia kwa lugha yetu.

Kisha inakuja sehemu ya tatu. Modi alifanywa Waziri Kiongozi wa Gujarat mwezi Oktoba 2001. Tarehe 27 Februari 2002 behewa la treni liliteketea katika stesheni ya Godhra na watu 59 wakapoteza maisha, wengi wao mahujaji wa Kihindu waliokuwa wakirejea kutoka mji mtakatifu wa Ayodhya. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000, na walio wengi kati yao walikuwa Waislamu. Wakosoaji wake walisema serikali yake haikuwalinda raia ilivyopaswa, na wengine walikwenda mbali zaidi wakadai kwamba iliacha makusudi mauaji yaendelee. Mwaka 2005 Marekani ilimnyima viza. Kwa upande mwingine, timu maalumu ya uchunguzi iliyoteuliwa na Mahakama ya Juu ya India ilieleza mwaka 2012 kwamba haikupata ushahidi wa kutosha wa kumshtaki, na mahakama hiyo ikayathibitisha matokeo hayo mwaka 2022. Modi daima amekana kuhusika.

Yote hayo yamepewa dakika zisizofika tatu. Msomaji anataja moto wa treni, anasema tu kwamba ghasia zilitokea, kisha anarukia viwanda, barabara na umeme wa vijijini, mambo anayoyaeleza kwa nusu saa nzima. Simshutumu mtayarishaji kwa upendeleo, kwa maana katika sehemu nyingine anasema wazi mambo ambayo wafuasi wa Modi wasingependa kuyasikia. Lakini ukiuondoa mwaka 2002, hata yaliyofuata hayaeleweki. Mwezi Desemba mwaka huohuo BJP ilishinda viti 127 kati ya 182 vya bunge la jimbo, na tangu hapo jina la Modi likajulikana India nzima, kwa wengine kama mtetezi wao na kwa wengine kama mtu wa kuogopwa. Msikilizaji aliyenyimwa chanzo hawezi kujua mgawanyiko huo ulitoka wapi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mahali tulipo. Katika mji huuhuu, mwezi Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulijadili kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitenga, akaanzisha chama chake cha ANC kilichodai Afrika iwe ya Waafrika pekee, na katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata chini ya asilimia 2 ya kura. Swali la nchi ni ya nani, ambalo Hindutva, itikadi ya RSS na BJP, inalijibu kwa kuitazama India kwanza kama taifa la Wahindu, liliwahi kujibiwa hapa Tabora kwa namna nyingine kabisa. Mfano huo ulikuwa mlangoni pa mtayarishaji, naye hakuutumia.

Sehemu ya nne hadi ya saba zinarudisha heshima ya kazi hii. Ushindi wa 2014, BJP ilipopata viti 282 kati ya 543 na kuwa chama cha kwanza tangu 1984 kupata wingi wa viti peke yake, umeelezwa vizuri. Maelezo ya Novemba 2016 ndiyo bora zaidi. Usiku wa tarehe 8 Modi alitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000, zilizokuwa takriban asilimia 86 ya thamani ya fedha taslimu nchini, zingeacha kuwa halali ifikapo saa sita usiku. Lengo lilitajwa kuwa kuziangamiza fedha haramu, ila karibu noti zote zilirudi benki, na vibarua na wachuuzi ndio waliosimama foleni. Katika mji ambao asali bado inalipwa noti mkononi, sehemu hii inasikilizwa kwa makini sana. Kufutwa kwa hadhi maalumu ya Kashmir mwezi Agosti 2019 na sheria ya uraia ya Desemba mwaka huo, iliyowafungulia mlango wakimbizi wa dini kadhaa na kuwaacha Waislamu, vimeelezwa kwa uwazi.

Sehemu ya nane inafika kwenye uchaguzi wa 2024. Hekalu la Ram lilizinduliwa Ayodhya mwezi Januari, mahali uliposimama msikiti wa Babri uliobomolewa mwaka 1992, na miezi michache baadaye BJP ikakipoteza kiti cha ubunge cha eneo hilohilo, huku viti vyake nchini vikishuka hadi 240 na kumlazimu Modi kutegemea vyama washirika. Kosa moja katika sehemu hii linapaswa kurekebishwa: maji ya Ziwa Victoria yaliyofikishwa Tabora, Igunga na Nzega yanaitwa zawadi ya India. Ni mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 268.35, uliokubaliwa mwaka 2015 wakati wa Rais Kikwete, na unalipwa na Watanzania.

Huduma ya duka ni ya kuridhisha. Muuzaji humruhusu mteja asikilize kidogo kabla ya kulipa, na faili ikigoma kufunguka hukuingizia upya bila malipo. Ni vizuri kwenda asubuhi, kwa kuwa jioni foleni ya wanaotaka nyimbo huwa ndefu. Maoni ya wasikilizaji humfikia mtayarishaji kupitia kwake, nami nimemkabidhi haya kwa maandishi, nikiomba kwanza sehemu ya tatu irekodiwe upya na ipewe muda unaoistahili.