Donepezili baada ya miezi minane: tathmini ya anayemuuguza mzazi

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaouguza wazee, kwa kuwa nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu dawa ya donepezili niliambulia matangazo ya mitishamba. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, alianza kuitumia baada ya daktari kueleza kwamba usahaulifu wake haukuwa uzee tu, bali ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu seli za ubongo taratibu. Wakati huo alikuwa akitoka Nyegezi kwenda kununua dagaa Kirumba, hapa Mwanza, kisha anasimama kituoni bila kujua apande daladala ipi, na jirani mmoja alikwisha kuanza kunong'ona kwamba bibi huyu ana mambo yake. Kwetu Usukumani, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyodhaniwa kuwa ishara ya uchawi, mnong'ono wa namna hiyo haupuuzwi.

Kidonge hiki, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa jina la Aricept na ambacho leo hutengenezwa na viwanda vingi, hakiponyi. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana taarifa na ambayo hupungua kwa mgonjwa. Seli zenyewe huendelea kufa. Ndiyo maana nafuu yake ni ndogo na ya muda. Kwa mama ilionekana mwezi wa tatu: swali alilokuwa akiuliza mara kumi akaliuliza mara tatu, na jioni moja akanikaripia kwamba sato niliyemleta hakuparuliwa magamba vizuri. Nilifurahi kukaripiwa. Dada yangu, ambaye huja Jumapili tu, anasisitiza kwamba haoni tofauti yoyote, nami sithubutu kumbishia sana, maana anayeshinda na mgonjwa naye huweza kuona kile anachokitamani.

Madhara hayakusubiri mwezi wa tatu. Alianza na miligramu 5 kila usiku, na kwa wiki mbili akasumbuliwa na kichefuchefu na kuharisha. Ndoto zilimfanya apige kelele usiku, hadi daktari aliposhauri kidonge kihamishiwe asubuhi. Dozi ilipopandishwa kuwa miligramu 10 baada ya wiki sita, alipungua kilo tatu na mapigo ya moyo yakashuka hadi 48 kwa dakika, akarudishwa kwenye 5. Dawa hii hupunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo mzee anayetumia pia dawa za presha kama atenololi anaweza kuzimia na kuanguka. Daktari aambiwe mapema, na moyo upimwe kabla ya kuanza.

Jambo lililonigharimu zaidi sikuelezwa na mtu. Mama alipopata mafua, duka moja la dawa lilitupatia Piriton bila kuuliza anatumia nini kingine, na kwa siku tatu alichanganyikiwa kuliko nilivyopata kumwona. Dawa hiyo, kama ilivyo amitriptilini ya kutibu sonona, huzuia kazi ya asetilikolini ileile ambayo donepezili inajitahidi kuiongeza. Ni sawa na watu wawili katika mtumbwi mmoja kupiga makasia kila mtu upande wake.

Wapo wanaoniuliza kuhusu lekanemabu, dawa mpya zaidi ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hiyo huondoa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi, lakini ni ya walio katika hatua za mwanzo, huanza kutolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na hudai picha za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Mama amekwisha kupita hatua hiyo.

Donepezili ninaipa nyota tatu kati ya tano. Kila Jumamosi ninampima mama uzito na kuhesabu mapigo yake kwa dakika nzima, na tumekubaliana na daktari kwamba akipungua tena kilo mbili, turudi kwake tujadili kuiacha.