Seti mpya ya bei chee au spana za mtumba moja moja?

Huu mjadala hauishi kwa watu wa kujitengenezea gari nyumbani. Seti mpya unatoa hela nyingi kwa mpigo ila unapata saizi zote na boksi lake la plastiki, kila soketi na shimo lake, namba 10 (ya milimita 10) ikipotea unaona pengo hapo hapo. Mtumba unanunua unachohitaji tu, na kwa Toyota nyingi ukiwa na 10, 12, 14, 17 na 19 kazi nyingi zinaisha.

Kwenye ugumu mtumba unashinda wazi kabisa. Spana nzuri ya zamani ya Mjapani au Mjerumani haipanuki mdomo kirahisi, ile ya bei chee unakuta imeteleza kwenye nati yenye kutu inakula kona zote na sasa unatafuta fundi wa kuchomelea. Ila kagua, mdomo ukiwa umetanuka au una ufa achana nayo, na ule muhuri wa Chrome Vanadium (aina ya chuma kigumu cha spana) usikudanganye maana hata feki wanaugonga.

Utunzaji, boksi la plastiki bawaba zinakatika mapema. Mtumba utachongesha sanduku la chuma, linabeba uzito, lakini kama uko Tanga au Mombasa ile hewa ya chumvi hailiachi, lipige rangi na spana uzifute na kitambaa chenye oili.

Unabadilisha oili na betri tu? Seti inakutosha. Unafungua breki na shokapu, anza na spana za ringi (zenye mdomo wa duara) za mtumba, za 14 na 17, na kama macho yako hayajazoea chuma nenda na fundi wako.